Furaha ya Bwana nimeikuta Mkunazini

Karibu miezi minane ibada yangu ilikuwa ya simu. Nafanya kazi hotelini huko Nungwi, Jumapili nyingi niko shifti, basi naweka hedifoni nasikiliza mahubiri huku nakunja mashuka, najiambia Mungu yuko kila pahala. Na kweli yuko. Lakini furaha mie sikuwa nayo, mahubiri mazuri kweli kweli yanaisha natia mengine, moyo mkavu vile vile.

Jumapili iliyopita nikapata ofu nikashuka mjini Zanzibar kwenda misa Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mji Mkongwe. Wenyewe mnalijua kanisa lile, limejengwa pale pale palipokuwa soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 na jiwe la msingi likawekwa mwaka huo huo, na madhabahu ipo pale inaposemwa watu walikuwa wakifungwa na kuchapwa viboko. Yaani pahala watu walipopangwa kila mtu na bei yake ndipo sie tunapopiga magoti bega kwa bega tunapewa mkate na kikombe cha Bwana bure. Kila nikilifikiria hilo mwili unanisisimka.

Kulia kwangu kulikuwa na mzee mmoja mikono inamtetemeka hasa, mkate ulikuwa unataka kumponyoka, mama wa upande wa pili, wala sidhani kama wanajuana, akamshika kiwiko taratibu mpaka akala. Kikombe kikaja, padri akafuta ukingo kwa kitambaa cheupe akakigeuza kidogo, na mie nikanywa baada ya yule mzee. Hapo ndipo furaha ikanijia, machozi yananitoka na huku natabasamu.

Nnavyoona mie, wanaosema kumpokea Bwana ni jambo la mtu na Mungu wake tu, wanajinyima kitu kikubwa sana. Kikombe ni kimoja, na simu hainiletei mzee wa kumshika kiwiko! Frank Weston, aliyekuwa askofu wa hapa hapa Zanzibar, alilisema hili London mwaka 1923, kwamba huwezi kumwabudu Yesu madhabahuni halafu usimwonee huruma Yesu aliyeko kwa maskini.

Baada ya misa nikamsindikiza yule mzee mpaka Darajani kupanda daladala, akanambia, "Mwanangu, Jumapili nyengine njoo unikalie karibu." Supavaiza nimeshamwomba anibadilishie shifti.