Tangi Refu Halihitaji Ukuta wa Mawe

Kila anayenunua tangi refu na jembamba la kufugia samaki wa maji ya bahari hupewa ushauri ule ule: yaegemeze mawe kwenye kioo cha nyuma, uyapandishe toka mchangani hadi karibu na uso wa maji, kimo cha tangi kisipotee bure. Juzi nimeukuta ushauri huo umefuatwa barabara katika mgahawa mmoja hapa Mombasa, na tangu hapo sijatulia. Kati ya mawe na kioo cha mbele palibaki nafasi ya kiganja kimoja hivi, na kitatange aliyekuwemo hakuweza kugeuka bila mkia wake kusugua jiwe.

Katika tangi la namna hii kitu adimu si kimo, bali ni nafasi ya mlalo, na kila jiwe lisilo na sababu linaipunguza. Chukua tangi la sentimita 45 kwa 45 lenye kimo cha sentimita 75. Linachukua lita 152 hivi, sawa na tangi la kawaida lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 38. Lakini uso wa maji wa hilo la kwanza ni sentimita za mraba 2,025, na wa hilo la pili ni 4,000. Oksijeni huingia majini kupitia uso huo, na kaboni dioksidi hutoka kupitia hapo hapo, kwa hiyo tangi refu huanza maisha likiwa na nusu tu ya mlango. Usalama wake unategemea maji ya chini kupandishwa juu bila kukoma, na ukuta wa mawe ndio unaoyazuia.

Nyuma ya ukuta ule mkondo wa pampu haufiki. Kinyesi cha samaki na masalia ya chakula hutuama huko na kuwa tope laini la kahawia, ambalo hutifuka na kulitia ukungu tangi zima jiwe moja tu likisogezwa. Chini kabisa, pale mawe yalipougandamiza mchanga, rangi hugeuka nyeusi na harufu huwa ya yai viza, dalili kwamba oksijeni imekwisha na gesi ya haidrojeni salfaidi imeanza kutengenezwa. Nitrati, zao la uchafu huo, hupanda, mwani hustawi, na mwenye tangi hulaumu chumvi, hulaumu taa, hulaumu chakula. Kusafisha nako ni taabu: mtu mzima huzamisha mkono hadi kwapani na vidole vyake huugusa mchanga kwa shida, sembuse kufika nyuma ya rundo la mawe yaliyobebana.

Nakubali kwamba mawe si mapambo tu. Ndani ya vitundu vyake huishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, na ndiyo maana ipo kanuni ya zamani ya takriban kilo moja ya mawe kwa kila lita nane za maji. Lakini bakteria wanachohitaji ni vitundu na maji yanayopita humo, si uzito. Jiwe jepesi lililozungukwa na mkondo pande zote huwafaa kuliko rundo zito lililokaa kwenye maji yaliyotuama. Wapo pia wanaoniambia kwamba bahari yenyewe ina kuta, na hilo ni kweli, kwani kando ya Pemba mwamba hushuka wima hadi kilindini. Lakini aliyewahi kuzamia pale anajua kwamba mbele ya ukuta ule kuna bahari nzima, na ni katika maji hayo ya wazi ambamo samaki wadogo husimama makundi kwa makundi, wakiukabili mkondo na kudaka chakula. Tangi la sentimita 45 haliwezi kuwa na vyote viwili.

Ninachopendekeza ni nguzo moja inayosimama peke yake, ikiachana na vioo vyote kwa sentimita nane au kumi ili mkono na sumaku ya kusafishia vipite, na kilele chake kiishie theluthi mbili za kimo. Jiwe la chini liwe pana na likae juu ya kioo kabla mchanga haujamwagwa, kwa sababu kamba wanaochimba mashimo huweza kuuondoa mchanga chini ya jiwe na kuiangusha nguzo nzima. Mawe ya juu yatobolewe kwa keekee na kupitishiwa ufito wa plastiki, kamwe si wa chuma, kisha viungo vijazwe saruji. Tangi likiwa bado kavu, isukume nguzo kwa kidole katika kila kimo. Ikitikisika hata kidogo, ibomoe uanze upya, kwani majini jiwe hupoteza sehemu ya uzito wake, na likiangukia kioo, lita 152 za maji ya chumvi zitakuwa sakafuni.

Vibao vya mawe vitokeze pande tofauti, kimoja kisikitie kingine kivuli. Ukifuga matumbawe, yale magumu aina ya akropora yakae juu penye mwanga mkali, na diskosoma, jamaa zao wasiohitaji mwanga mwingi, chini.

Na mawe hayo yasivunjwe baharini. Pwani yetu imekwisha kuumia kwa matumbawe yaliyochimbwa na kuchomwa chokaa, Mafia na Mtwara kwa mfano, na matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Mawe makavu ya kutengenezwa hukaliwa na bakteria baada ya wiki kadhaa, na samaki waingizwe pale tu vipimo vitakapoonyesha kwamba amonia na nitriti zimefika sifuri.