Dakika Kumi na Tano Hazimtoshi Mwandishi

Ningepewa mamlaka ya kupiga marufuku swali moja tu kwenye redio zetu, ningeanza na hili: "Wazo la kuandika kitabu hiki ulilipata wapi?" Mtangazaji analiuliza jicho likiwa kwenye saa ya ukutani. Mwandishi anajibu kwa maneno yaleyale aliyoyasema siku ya uzinduzi. Unapigwa wimbo. Wakirudi, ni kitabu kinapatikana wapi, bei gani, unawaambia nini vijana wanaotaka kuandika, asante sana kwa kufika studio. Aliyekwisha kukisoma kitabu hakuambulia kitu, na ambaye hajakisoma hajapata sababu ya kukitafuta.

Mimi ni mraibu wa mazungumzo ya aina nyingine, yale ya masaa mawili au matatu, mwandishi amekaa na mtu aliyekisoma kitabu chake hadi ukurasa wa mwisho na kurudia baadhi ya sura. Nayasikiliza vipande vipande, kwenye daladala ya kutoka Nkuhungu, jikoni, nikipiga pasi. Urefu wenyewe si hoja. Siku hizi kuna podikasti za kukutoa Dodoma hadi Morogoro bila kuisha, na ndani yake hamna kitu ila kuitana "nguli" na "gwiji" na kucheka. Ninachokitafuta mimi ni kimoja: kile ambacho mwandishi alikiondoa kitabuni, na sababu ya kukiondoa. Kitabu cha historia, na hata riwaya iliyojengwa juu ya historia, ni kilichobaki baada ya mengi kukatwa. Mengine yamekatwa na mhariri, mengine na woga, mengine na adabu, mengine na bei ya karatasi. Hayo hayatoki ndani ya dakika kumi na tano.

Tuanze na wa kwetu hapa Dodoma. Kila asubuhi mabasi ya watumishi yanakwenda Mji wa Serikali pale Mtumba, na hapo jirani ni Ihumwa, kwao Mathias Mnyampala. Alizaliwa 1917. Mwaka 1954 akatoa kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kupitia Eagle Press, mkono wa uchapishaji wa East African Literature Bureau, chombo cha serikali za kikoloni. Alikuwa Mgogo wa bara aliyezimudu bahari za ushairi wa pwani kama aliyezaliwa Pangani, Mkatoliki aliyetunga tenzi za Injili na Zaburi, mtumishi wa serikali aliyefikia uhakimu, na mtu wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliyezifanya ngonjera zisikike hadi kwenye shule za msingi. Akafariki 1969 na miaka 50 na kidogo. Ngonjera za UKUTA zilipotoka 1970 yeye hayupo.

Sasa fikiria ungepata mchana mmoja na mtu huyo. Mimi nisingemuuliza habari za vina na mizani. Ningefungua kitabu cha 1954 na kumuuliza wazee waliomsimulia walikuwa akina nani, wa koo zipi, na ni koo zipi hakuzifikia. Ningemuuliza mswada ulipotoka mezani kwake ulikuwa na kurasa ngapi zaidi, na nani alishika mkasi. Ningemuuliza habari za watemi: ulipoandika juu yao nao wako hai, na wewe unaajiriwa na serikali hiyohiyo inayowatumia, uliandikaje? Tawasifu yake ilikuja kuchapwa 2013, zaidi ya miaka 40 baada ya kuzikwa kwake, na ni hazina. Ila tawasifu nayo ni kitabu. Hakuna aliyekuwa upande wa pili wa meza kusema, "Hapa umeruka, Mzee, rudi kidogo."

Wala tusisingizie kwamba wakati ule mazungumzo ya namna hiyo hayakuwapo duniani. Jarida la fasihi la The Paris Review lilianza 1953 na toleo la kwanza lilikuwa na mahojiano marefu na E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza. Mwaka 1962 pale London ilianzishwa Transcription Centre, ikawa inawarekodi waandishi wa Kiafrika, na sehemu ya mazungumzo hayo ikatolewa kama kitabu mwaka 1972. Jambo jema. Lakini waliokaribishwa walikuwa zaidi wale walioandika kwa Kiingereza. Juni hiyohiyo ya 1962 ulifanyika mkutano wa waandishi Makerere, wa wanaoandika kwa Kiingereza, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuja kuhoji baadaye: mkutano unafanyikaje Afrika Mashariki, na Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai katika eneo hili, hana sifa ya kuhudhuria? Shaaban akafariki mwezi huohuo. Tunachokishika leo kilicho karibu zaidi na sauti yake ya mazungumzo ni barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na Mulokozi na kuchapwa 2002. Soma barua zile uone mtu anavyohangaika na wachapishaji na fedha. Halafu jiulize angesema nini kama angekuwepo mtu wa kumuuliza swali la pili.

Swali la pili ndilo kila kitu. La kwanza kila mwandishi ana jibu lake tayari.

Kuna mfano hapahapa Ugogo unaonyesha mazungumzo marefu yanavyoweza kuzaa. Ernest Kongola, mwalimu mstaafu, alikuwa akikusanya na kuandika kwa Kiswahili historia za koo za eneo hili, akizichapa mwenyewe. Mwanahistoria wa Marekani, Gregory Maddox, ndiye huyohuyo aliyetafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza, alizungumza na Kongola kwa miaka mingi, na matokeo yake ni kitabu cha 2006 kinachobeba majina yao wote wawili. Ninachokipenda mle ni kwamba Kongola hageuzwi kuwa mtoa habari wa kijijini anayeshukuriwa kwenye dibaji. Anachukuliwa kama mwanahistoria mwenzake, mwenye mbinu zake na sababu zake za kuchagua. Kinachoniuma ni kwamba kitabu hicho ni cha Kiingereza, na ukikitafuta kwenye maduka ya vitabu ya Dodoma utazunguka sana.

Mimi si Maddox, lakini nimejaribu kwa kiasi changu. Upande wa Mvumi kuna mwalimu mwingine mstaafu, jina nalihifadhi, ambaye ameandika historia ya ukoo wake kwenye kaunta buku tatu zilizojaladiwa kwa magazeti. Saa ya kwanza alinipa kile anachowapa wote: ukoo ulitokea wapi, nani alibatizwa kwanza, walimu wakuu walifuatana vipi. Vizuri, safi, kimepangika, na kilishasemwa misibani mara nyingi. Mimi nikawa nafunua kurasa. Kwenye ukurasa wa kizazi cha babu yake kuna majina sita kwa wino wa bluu na la saba limekatwa kwa peni nyekundu, ule mkato wa mwalimu, mstari mmoja ulionyooka kwa rula. Lilikuwa jina la mtoto wa kike.

"Mwalimu, samahani, huyu ni nani?"

Akalivuta daftari upande wake, akavaa miwani aliyokuwa ameivua. Kisha akaanza kueleza Mtunya.

Kwa asiyejua: Mtunya ni njaa ya 1917 hadi 1920 hapa Ugogo. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita, Waingereza walipoingia Dodoma 1916 nao wakaendelea kuchukua, halafu mvua zikagoma. Maddox anakadiria kuwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000 hivi wa eneo hili. Mmoja kati ya watano. Mnyampala alizaliwa njaa hiyo ikiwa inaanza. Miongoni mwa yaliyofanyika ili watu waishi, familia ziliweka watoto rehani, hasa wasichana, kwa wenye chakula.

Yule msichana wa kwenye kaunta buku aliwekwa rehani kwa mtama. Hakukombolewa. Akakulia kule, akaolewa kule, akazaa, na wajukuu zake leo ni watu wa ukoo ule, tena baadhi wanasali kanisa moja na Mwalimu. "Nikimwandika huku, mwanangu, nimemtoa kule," akaniambia. "Na wao hawajaniomba niwatoe." Mimi nikabisha. Nikasema bila yule msichana, njaa kwenye daftari lake ni mwaka na idadi tu. Akasema ndiyo, na ibaki hivyo. Tulibishana kwa heshima kwa muda mrefu, mkewe akatuletea togwa, tukaendelea. Sikumshinda, na bado sikubaliani naye. Ila mkato ule wa peni nyekundu umenifundisha juu ya Mtunya, na juu ya anachokibeba mtu anayeandika historia ya majirani zake, kitu ambacho ukurasa msafi usingenifundisha.

Na angalia ilivyochukua muda kulifikia swali lile. Huku kwetu huwezi kumfikia mzee, shikamoo, kisha "kwa nini ulificha?" Kuna mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, kuna habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Kuna kumsikiliza kwanza anachotaka kusemwa. Ndiyo maana nasema sisi tunayahitaji mazungumzo marefu kuliko hata hao wa London. Ukimpa mzee wa Kigogo dakika kumi na tano, zimekwisha kwenye salamu, na ameondoka akijua kwamba hukuja kwa ajili yake.

Watu wataniambia hakuna msikilizaji wa kitu kirefu hivyo, na bando ni ghali. La bando nalikubali, linauma. La usikilizaji nalikataa katakata. Watu haohao wanafuatilia Bunge tangu kipindi cha maswali mpaka jioni, na mechi ya Simba na Yanga ikichezwa Jumamosi inachambuliwa kijiweni mpaka Jumatano. Subira tunayo. Tatizo liko kwa anayeuliza: hajasoma. Mhojaji aliyesoma kitabu mara mbili na kutia alama pembeni anaweza kukushika masaa matatu bila muziki. Asiyesoma, hata kwa nusu saa atakuchosha.

Kwenye riwaya na tamthilia mambo ni matamu zaidi, maana pale mwandishi ana ruhusa ya kutunga na swali linakuwa alitunga wapi. Ebrahim Hussein alitahadharisha mwenyewe kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ya 1969 asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Haya, kati ya wawili hao, mpaka uko wapi? Au chukua Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, yenye msafara wa wafanyabiashara unaoingia bara. Ningelipa nauli kuona mwandishi wa misafara akikalishwa Dodoma na wasomaji wa hapa. Maana habari za misafara kupita Ugogo zimesimuliwa sana na wapitaji. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, akina Burton na Stanley, walilalamika kurasa kwa kurasa juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita, waliyotozwa na Wagogo, kama vile maji ya nchi kavu namna hii, yaliyochimbwa kwa mikono, yalipaswa kunyweka bure na mamia ya watu na punda wao. Msomaji wa Bahi angekuwa na la kuuliza hapo, na mwandishi mzuri angefurahi kuulizwa.

Vyuo vikuu vya UDOM na St John's viko hapa tangu 2007, vina wanafunzi wa historia na wa Kiswahili, na wengi wao wanakwenda vijijini na dodoso la maswali ishirini na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ningefurahi kuona hata wachache wakipewa kazi tofauti: mwandishi mmoja, kitabu kimoja, vikao vitatu. Awe mchungaji aliyeandika historia ya usharika, awe mwalimu mwenye kaunta buku, awe mtunzi wa ngonjera aliyestaafu. Akihamia Kigogo katikati ya sentensi aachwe ahamie, tafsiri itakuja baadaye.

Na rekodi zisifie kwenye simu. Simu inaibwa Majengo, inadumbukia kwenye ndoo, na hata ikipona, faili lililoandikwa "Sauti 043" halimsaidii mtu wa 2060. Nakala moja iende kwa familia, nyingine maktaba ya mkoa, ikiwa na karatasi yake: nani anazungumza, nani anauliza, wapi, tarehe gani, lugha zipi. Na kama mzee ameomba dakika fulani zisisikilizwe mpaka yeye na wale wanaohusika wawe wameondoka, liandikwe na hilo, kwa kalamu isiyofutika, na mtu wa maktaba aliheshimu.