Septima Clark: kufaulu mtihani wa dhuluma au kuugomea?

Miaka ya 1950, mtu aliyetaka kujiandikisha kupiga kura South Carolina, jimbo la kusini mwa Marekani, alitakiwa asome kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani, au awe na mali ya dola 300. Karani ni Mzungu, naye ndiye msahihishaji. Mweusi aliyeshika jembe tangu utotoni alishajua matokeo kabla hajafika mlangoni.

Septima Clark, mwalimu aliyezaliwa Charleston mwaka 1898, binti wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, aliamua kuwafundisha watu hao wafaulu. Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kama mtihani wenyewe ni dhuluma, kumwandaa mtu aufanye si kukubali kwamba serikali ina haki ya kumpima? Tena ni mwendo wa kobe: darasa la kwanza, kisiwani Johns Island karibu na Charleston, Januari 1957, lilikuwa na wanafunzi 14.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mitihani ile haikuondolewa na waliofaulu. Ilibanwa na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, baada ya polisi kuwapiga virungu waandamanaji wa Selma, Alabama.

Lakini hebu tuingie darasani. Ni chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Mbele zimepangwa bidhaa ili Wazungu wasishtukie. Anayefundisha ni Bernice Robinson, binamu yake Clark, mtengeneza nywele asiye na cheti cha ualimu. Hilo lilikuwa la makusudi: walimu wa kawaida, Clark aliona, wangewadharau watu wazima wasiojua kusoma. Mkono uliozoea plau unabana penseli hadi inavunjika. Wanaanza na jina la mtu mwenyewe, wanakwenda kwenye fomu ya kuagizia bidhaa, na katiba inafuata. Aliyezoea kutia alama ya X sasa anasaini.

Wakosoaji wanaona mtihani tu. Mimi naona kisomo cha ngumbaru kinachozaa viongozi, maana wahitimu wengi walirudi kwao wakafungua madarasa yao. Mwaka 1961 mpango huo wa madarasa ulichukuliwa na SCLC, jumuiya ya haki za Weusi iliyoongozwa na Martin Luther King, ukasambaa majimbo ya Kusini mwa Marekani. Umati wa maandamano haukuota kama uyoga.

Clark mwenyewe hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Mwaka 1956 jimbo lilipowakataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alikataa kujitoa. Akafukuzwa, na pensheni ya miaka takriban 40 ikaenda na maji. Aliwaandikia walimu Weusi barua zaidi ya 700 akiwasihi wapinge, walijibu 26. Baadaye alisema hilo ni mojawapo ya mambo aliyoshindwa maishani, kwa kuwa aliwasukuma kabla hawajawa tayari. Nadhani alijihukumu kupita kiasi (watu walikuwa na watoto wa kulisha), ila ndiyo sababu Johns Island ilianza na penseli badala ya bango.

Ndani ya SCLC nako alimwandikia King barua: asiongoze kila maandamano mwenyewe, awalee wengine waongoze ya kwao. King aliisoma mbele ya wafanyakazi wake. Wakacheka.