Ukienda Edinburgh, anzia George Square

Watu wa kwetu wakishapata viza ya Uingereza, ratiba yao huwa haina mjadala. London siku nyingi, maduka, ndugu walioko Reading au Leicester wasije wakanuna kwamba hawakutembelewa, halafu nafasi ikibaki, Edinburgh. Na Edinburgh yenyewe inapewa mchana mmoja tu: mtu anashuka kwenye treni saa 6, anapanda hadi kwenye ngome, anapiga picha na mpuliza zumari aliyevaa sketi ya Kiskoti, ananunua skafu, jioni anarudi alikotoka. Ninaishi nchi hii na hupokea wageni kutoka nyumbani, na kila nikiulizwa ushauri jibu langu ni moja: lala Edinburgh usiku tatu, na usianzie kwenye ngome. Anzia George Square.

George Square ni bustani ya mraba iliyozungukwa na majengo ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, kusini kidogo ya mji wa zamani. Hiki ndicho chuo alichosoma Julius Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952. Ifikirie miaka hiyo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, TANU, chama kilichokuja kupigania uhuru, haijazaliwa, na kijana wa Butiama aliyekuwa akifundisha Tabora yuko kwenye baridi ya Scotland anasoma uchumi, historia, falsafa na anthropolojia. Mwaka 1952 akarudi, akaenda kufundisha Pugu, na 1954 TANU ikaanzishwa. Mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba fikra zake za siasa zilijengeka akiwa Edinburgh. Wengi wetu tunaijua Butiama, tunaijua Pugu, tunaijua nyumba ya Magomeni, lakini sura hii ya katikati tunaipita kwa sentensi moja ya kitabu cha shule. (Wengi pia huamini alichukua shahada ya pili kule, kwa sababu cheti kinasomeka M.A. Katika vyuo vikongwe vya Scotland, M.A. ndiyo shahada ya kwanza ya masomo ya sanaa.)

Nilimpeleka hapo mama mdogo wangu, mwalimu mstaafu aliyeanza kazi enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Ilikuwa Oktoba, upepo unakata masikio. Alisimama upande wa magharibi wa bustani, kwenye zile nyumba za mawe za karne ya 18, akavua glavu, akashika uzio wa chuma, akaurudisha mkono haraka.

"Mwalimu aliistahimili vipi hii?" akaniuliza.

Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, ananisimulia walivyokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto. Ngome hakuiulizia hata mara moja.

Nimeutaja upande wa magharibi kwa makusudi. Sehemu kubwa ya George Square ilibomolewa miaka ya 1960, chuo kikajenga maghorofa yake, kwa hiyo ukitaka kuona walau kipande cha mji aliouona Mwalimu, simama upande huo. Kisha tembea hatua chache hadi McEwan Hall, ukumbi wa nusu duara uliokamilika 1897 ambako chuo hufanyia mahafali. Jirani kabisa na hapo kuna Msikiti Mkuu wa Edinburgh, uliofunguliwa 1998, na kwenye mitaa inayouzunguka utapata chakula cha halali bila kuhangaika. Kwa msafiri Mwislamu naona huu ndio mtaa bora wa kulala. Chuo kiko hapo, msikiti upo, mji wa zamani uko dakika kumi kwa miguu, na bei za vyumba aghalabu ni nafuu kuliko zile za barabara kuu ya watalii.

Mji wa zamani umekaa juu ya mwamba mrefu unaoteremka kutoka ngome hadi Kasri la Holyrood, na barabara inayoufuata ndiyo Royal Mile. Watalii wengi hutembea barabara hiyo tu, kushuka na kupanda, wakiangalia maduka ya skafu na biskuti. Uzuri uko pembeni. Kulia na kushoto kuna vichochoro kwa makumi, vingine vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Anayeijua Mji Mkongwe ya Unguja atajisikia yuko nyumbani, ila hapa vichochoro vinaporomoka mlima na hakuna kivuli anachokitafuta mtu. Mji ulibanwa na kuta na mabonde, nafasi ya kupanuka hakuna, watu wakajenga kwenda juu. Kufikia karne ya 17 kulikuwa na nyumba zinazozidi ghorofa kumi ukizitazama upande wa bondeni, tajiri na fukara wakipanda ngazi ileile.

Hapo ndipo usiku tatu unapolipa. Ingia Advocate's Close saa 1 asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu. Ngazi za mawe zimelika katikati kwa nyayo za karne, zinateleza kwa umande, unashuka umeshika ukuta. Ghafla nyumba zinaachana, na kwenye ule mwanya unaona bustani chini, mnara wa kumkumbuka mwandishi Walter Scott, mweusi kwa moshi wa makaa ya zamani, na kwa mbali mji mpya umejipanga. Mwenye treni ya jioni hawezi kuyaona haya. Yeye saa 6 mchana anakuta msongamano wa watu na mwavuli wa kiongozi wa msafara.

Ngome siikatazi. Ina kanisa dogo la Mtakatifu Margaret la karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini, na ina taji la wafalme wa Scotland. Nunua tiketi mtandaoni mapema, ni nafuu kuliko getini, na uende asubuhi inapofunguliwa. Lakini kama mfuko umebana, usijinyime chakula kwa ajili yake. Kaa bustani ya Princes Street chini ya mwamba, usubiri mzinga wa saa 7 mchana. Unapigwa kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu 1861, ulipowekwa ili meli za ghuba ya Forth zirekebishe saa zao. Mzinga huo ni bure, na mengine mengi ya maana ni bure vilevile: Makumbusho ya Taifa ya Scotland mtaa wa Chambers, jumba la sanaa la taifa pale The Mound, jengo la Bunge lililofunguliwa 2004. Ndiyo maana nasisitiza pesa yako uiweke kwenye kitanda kilicho katikati ya mji. Ukilala nje ya mji kwa kubana pauni chache, utazilipa kwenye nauli na kwenye asubuhi ulizozikosa.

Kilima cha Arthur's Seat, volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 251, kinafaa wenye magoti mazima. Ukiwa na mzee au watoto wadogo, nenda Calton Hill, ngazi zake ni chache na mji wote unauona. Juu kuna nguzo 12 za mnara wa kuwakumbuka askari wa vita vya Napoleon. Ujenzi ulianza 1826, pesa zikaisha 1829, nguzo zikabaki hivyo hadi leo.

Sasa kuna sanamu moja ambayo Mswahili hapaswi kuipita. Iko bustani ya Princes Street upande wa mashariki, jirani na mnara wa Scott: David Livingstone, kazi ya mchongaji Amelia Hill, amesimama na Biblia mkononi. Mimi humsimulia kila mgeni wangu habari ya wasiokuwapo pale. Livingstone alipofariki 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, waliokuwa naye ni wasaidizi wake Waafrika, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Wangeweza kumzika, wakagawana mizigo na kwenda zao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Safari ya zaidi ya kilomita 1,500, pamoja na daftari na ramani zake zote. Bila wao pasingekuwa na mazishi ya Westminster Abbey. Ukiwa na watoto, hasa waliozaliwa huku Ulaya, wasimamishe mbele ya sanamu hiyo uwatajie majina hayo mawili kwa sauti. Hakuna kiongozi wa watalii atakayekufanyia kazi hiyo.

Mji mpya, ng'ambo ya bustani, ulipangwa kwa ramani ya James Craig ya 1767, mitaa imenyooka na nyumba zina madirisha marefu. Ni mzuri kwelikweli. Utembee, lakini ukifika St Andrew Square inua macho: juu ya ile nguzo ndefu amesimama Henry Dundas, mwanasiasa ambaye mwaka 1792 aliingiza neno la kwenda "polepole" kwenye hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Biashara ile ikaendelea hadi 1807. Sisi tunaotoka nchi zenye soko la watumwa la Mkunazini na bandari ya Bagamoyo tunaelewa polepole hiyo ilimaanisha nini kwa aliyefungwa mnyororo.

Msimu. Ushauri wangu ni Mei, Juni au Septemba. Agosti mji unafurika kwa matamasha ya sanaa yaliyoanza 1947, na bei ya chumba inapaa vibaya. Anayependa maonyesho aende Agosti akijua anachokilipia. Anayetaka kuuona mji wenyewe aahirishe. Mwisho wa Desemba ni vilevile, kwa sababu ya sherehe za mwaka mpya. Kwa sisi tuliozoea jua la saa 12 kwa saa 12, mwanga wa huko unachanganya: Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, Desemba linazama kabla ya saa 10 alasiri. Ukienda wakati wa baridi, mambo ya nje yafanye asubuhi, makumbusho yaache kwa jioni ya giza. Wanaosali wapakue ratiba ya msikiti wa pale, maana Isha ya Juni itawakuta wamechoka.

Nguo: koti lisilopitisha maji na lenye kofia. Mwavuli upepo wa kule unaugeuza dakika ya kwanza. Viatu vya soli ya mpira, kwa sababu mawe ya barabarani yakilowa ni hatari.

Usafiri si lazima upitie London. Kutoka Dar, Zanzibar au Nairobi unaweza kuunganisha ndege Doha, Dubai au Istanbul ukashukia Edinburgh moja kwa moja, kisha tramu ikakufikisha mjini kwa nusu saa hivi. Kama uko London tayari, treni ya King's Cross hadi Waverley ni takriban saa nne na nusu. Kata tiketi wiki kadhaa kabla, bei ya siku ya safari inaumiza, na kaa upande wa kulia uone bahari mkikaribia mpaka wa Scotland. Na tafadhali, viza ya Schengen haiingizi mtu Uingereza. Ninairudia kwa sababu swali hili haliishi. Viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu kukaa hadi miezi 6 na inahusu Scotland kama inavyohusu England.

Kwenye bajeti ya malazi ongeza kodi ya wageni. Kuanzia tarehe 24 Julai 2026 jiji linatoza asilimia 5 ya gharama ya chumba, kwa usiku tano za mwanzo. Wapo wanaoilalamikia; mimi naona ni haki, wenyeji ndio wanaobeba uchakavu wa barabara na takataka zetu. Noti za Scotland zinatolewa na benki tatu na sura zake ni tofauti na za London, kwa hiyo zitumie au zibadilishe kabla ya kuondoka. Kwingine duniani wengi hawazitambui.

Siku ya nne ikipatikana, panda treni hadi Glasgow, chini ya saa moja, kisha nyingine fupi hadi Blantyre. Pale bado lipo jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba ambamo Livingstone alizaliwa 1813, familia nzima kwenye chumba kimoja, na yeye akiwa na miaka 10 akapelekwa kiwandani. Jumba hilo la makumbusho lilifunguliwa upya 2021 baada ya ukarabati, na habari za Susi, Chuma na wenzao zimepewa nafasi ndani yake. Angalia siku za kufunguliwa kabla hujakata tiketi.