Samli kwa mkavu, pilipili kwa mzito

Februari, joto la kaskazi limeiva Dar es Salaam, nilijibu maswali ishirini na kitu kwenye simu ili nijue tabia ya mwili wangu kwa mujibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Ngozi ikoje? Ina mafuta. Jasho? Tele. Hasira? Za karibu. Nikaambiwa mimi ni pitta, mtu wa moto: niache pilipili na ndimu, nipunguze chumvi, nile tango, nazi na matunda matamu. Julai nikiwa Njombe, masweta mawili mwilini, nikajibu maswali yaleyale. Ngozi imepauka, vidole vya baridi, choo kigumu. Safari hii nikawa vata, mtu wa upepo. Ndimu na chumvi ruksa, samli kwa wingi, tango marufuku.

Ni rahisi kucheka na kuishia hapo. Lakini Ayurveda yenyewe hutofautisha prakriti, yaani tabia uliyozaliwa nayo, na vikriti, hali uliyo nayo leo. Daktari wa Ayurveda, ambaye shahada yake huko India huchukua miaka mitano na nusu, hushika mapigo ya mkono, hutazama ulimi, huuliza choo, usingizi na mahali unapoishi. Simu ilinipima hali ya hewa ikaniambia ndiyo maumbile yangu.

Msingi wa elimu hii ni kwamba mwili unaendeshwa na dosha tatu. Vata ni kavu, nyepesi, baridi. Pitta ni ya moto na ukali. Kapha ni nzito, ya utelezi, ya polepole. Kila mtu anazo zote, ila moja au mbili humtawala. Chakula nacho kina ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ukakasi, ule wa ndizi mbichi. Kinachofanana nawe kinakuzidishia, kinachopingana nawe kinakutuliza. Kwa hiyo mkavu hupewa samli, vitamu na vichachu. Mwenye moto vitamu, vichungu na vya ukakasi. Mzito hupewa tangawizi, pilipili manga na mboga chungu, akanyimwa mtindi na sukari.

Msomaji wa Pwani hatashangaa sana. Bibi zetu walijua kwamba mzazi aliye ndani ya arubaini hapewi vitu vya baridi. Anapewa uji wa pilipili manga. Na maradhi ya viungo tunayaita baridi yabisi, yaani baridi na ukavu. Maneno hayo yametoka kwenye tiba ya Kigiriki iliyopitia kwa Waarabu, tiba ya majimaji manne ya mwili, ndiyo iliyotupa pia balghamu na safura. Si Ayurveda hiyo, na anayesema bibi yake wa Lamu alikuwa mfuasi wa Ayurveda anachanganya visima viwili. Ila visima hivyo haviko mbali: kwa Ayurveda pia maumivu ya viungo hutupiwa vata, iliyo baridi na kavu, na mama aliyetoka kujifungua husemwa vata imempanda, akapewa vya moto na vya mafuta.

Je, kuna ukweli ndani yake? Kwamba chakula kimoja hakiwafanyi watu wote sawa, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israel walifuatilia sukari ya damu ya watu 800 kwa wiki nzima. Chakula kilekile kilimpandisha huyu, yule kikampita kimyakimya. Utafiti wa PREDICT, uliochapishwa 2020, ukakuta kwamba hata pacha wa kufanana hawafanani baada ya kula. Wapenzi wa Ayurveda husoma matokeo hayo wakapiga vigelegele. Mimi najizuia kidogo. Tafiti hizo zimeonyesha kwamba tunatofautiana. Hazikuonyesha kwamba tunagawanyika mafungu matatu. Weizmann walitabiri sukari ya kila mtu kwa vipimo vingi, wakiwemo bakteria wa tumboni, na kila mmoja akaondoka na jibu lake peke yake.

Wapo waliojaribu kuyatafuta mafungu yenyewe kwenye vinasaba. Utafiti mmoja wa India, uliochapishwa pia 2015, ulianza na wanaume 3,416. Walioonekana wazi kuwa wa aina moja, wakaingia kwenye uchambuzi wa vinasaba, walikuwa 262. Tofauti fulani zilionekana kati ya makundi, na zinavutia. Lakini kama wanaume zaidi ya elfu tatu wamekaguliwa na wataalamu wakapatikana 262 tu wa kufaa kuwa mfano safi, basi orodha ya simu inayomwambia kila mpita njia "wewe ni huyu" inajiamini mno.

Orodha za vyakula kwa kila dosha ndizo zinazonikera. Nyanya, viazi mviringo, parachichi, pilipili hizi nyekundu: vyote asili yake ni Amerika, vikafika India baada ya Wareno kufungua njia. Charaka Samhita, kitabu mama cha Ayurveda, hakikuvijua. Kuvipanga kwa ladha yake si kosa, kanuni inaruhusu, ila mpangaji ni mtu wa juzi na anauza anachopanga kana kwamba kimeshuka na mababu. Halafu kuna nyama. Ayurveda inayouzwa leo mara nyingi haina nyama, wakati Charaka, akitaja vya kula siku zote, anataja mchele, choroko, chumvi ya mawe, maziwa, samli, asali, na hapohapo nyama ya wanyama wa nyika kame.

Kitabu hichohicho kina jambo bora zaidi ambalo orodha hazilitaji: mambo manane ya kuangalia katika chakula. Asili yake, kilivyopikwa, kimechanganywa na nini, kiasi, mahali, wakati, namna ya kukila, na mlaji mwenyewe. Mlaji ni mmoja kati ya manane! Orodha za simu zimemfanya yeye kuwa yote.

Chukua choroko. Orodha moja itakwambia ni nzuri kwa dosha zote tatu, nyingine itaonya kwamba jamii ya kunde huleta gesi. Jirani yetu mmoja wa Upanga, mama wa Kigujarati wa makamo, huziloweka, huzichemsha na manjano na tangawizi mpaka zivurugike, kisha huchoma samli kwenye kijisufuria, anatia bizari nyembamba mpaka ianze kuruka, anafuatisha mvuje chembe tu, na kuimimina juu ya choroko kwa mlio mmoja mkali. Mvuje ule ambao kwetu watoto walivishwa shingoni. Hajawahi kuniuliza mimi ni vata au kapha. Kabla ya kupakua anauliza, "Mchana ulikula nini, mwanangu?" Nikimjibu pilau, kibakuli kinakuwa kidogo.

Hapo Ayurveda nainunua, na bei yake ni ndogo. Ninapoikataa ni pale jina la dosha linapochukua nafasi ya kipimo. Anayeingia kwa mlango wa jikoni mara nyingi huuziwa chupa wakati wa kutoka. Uchunguzi uliochapishwa Marekani 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hizo ni dawa, si choroko, lakini duka ni lilelile.

Hata bila chupa kuna hatari. Ngozi kavu, mwili kuhisi baridi, choo kigumu, uchovu: mpe mfuasi wa Ayurveda dalili hizo, atasema vata, kula samli. Mpe daktari wa hospitali, ataagiza damu ipimwe, kwa sababu ndizo dalili za tezi ya thairoidi iliyolegea. Anayekonda huku ana kiu na kinywa kikavu naye anafanana sana na vata, na anaweza kuwa na kisukari. Mtu huyo akishauriwa wali, vitamu na samli, anaongezewa ugonjwa. Ajabu ni kwamba waganga wa kale wa India wenyewe waliujua mkojo mtamu, wakamtofautisha mgonjwa mwembamba na mnene.

Mimi nilitoa dalili tatu kati ya zile nne kule Njombe. Niliporudi Dar, wiki haikuisha zikawa zimeondoka. Zingebaki nami kwenye joto lile, foleni ya maabara ingenihusu kabla ya kopo la samli.