Maji ya rangi hayaui mtu

Ukitaka kuvuta mililita 5 za dawa kutoka kwenye kichupa kilichofungwa kwa mpira, ingiza kwanza hewa ya kiasi hicho hicho, la sivyo kichupa kitavutana na bomba la sindano. Dawa ikiwa ya saratani, mambo yanageuka. Hewa iwe pungufu kidogo, kwa sababu presha ikizidi ndani, ukichomoa sindano dawa inaruka kama mvuke na wewe unaivuta puani. Mwalimu anaweza kuandika hayo ubaoni mara kumi. Mwanafunzi atayaelewa siku maji ya rangi yatakapomrukia kwenye glavu.

Ndiyo maana vyuo vingi vya famasia sasa vinafundisha uandaaji wa dawa za sindano kwa kuigiza. Zoezi lenyewe ni rahisi: mwanafunzi anavaa gauni, kofia, barakoa na glavu, anakaa mbele ya kabati la hewa safi, anachanganya "dawa" ambayo ni maji yaliyotiwa floresini, rangi inayong'aa ikimulikwa kwa taa maalumu. Akimaliza, taa za chumba zinazimwa na taa ya urujuanimno inawashwa. Kila tone lililomponyoka linang'aa kijani: kwenye meza, kwenye mkono wa gauni, wakati mwingine hata karibu na shingo. Hakuna mwanafunzi anayebishana na taa ile.

Kwa dawa za saratani sioni mjadala hata kidogo. Doksorubisini, ile nyekundu, ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama. Vinkristini ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, mgonjwa ni nadra kupona. Nani angetaka mtoto wa mwenzake aanzie kujifunza hapo?

Miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mvaaji chumba cha kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, nayo ina kazi yake. Kabati la hewa safi hupuliza hewa iliyopita kwenye chujio linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3, na siri yote ya kazi ni kutoiwekea hewa hiyo kizuizi kabla haijafika kwenye mdomo wa kichupa. Hewa haionekani. Miwani inaweza kuipaka rangi, mwanafunzi akaona mkono wake mwenyewe ukiikata njia. Nakubali, hilo ni zuri. Ila miwani haina jasho ndani ya gauni, wala kipande cha mpira kinachomegwa na sindano iliyoingizwa vibaya.

Tatizo langu liko kwingine. Floresini inaonyesha dawa iliyomwagika, na bakteria hawang'ai. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote kwenye orodha ya mwalimu, asidondoshe hata tone, na bado akawa ameingiza vimelea kwenye dripu kwa kidole kimoja kilichogusa pasipotakiwa. Famakopia ya Marekani, kitabu cha viwango vya dawa, katika sura yake ya 797, inalijua hilo. Kabla mtu hajaruhusiwa kuandaa dawa za wagonjwa, ncha za vidole vyake vyenye glavu hubonyezwa kwenye sahani ya kuoteshea vimelea mara tatu, kila mara baada ya kuvaa upya, na kisiote kitu hata mara moja. Kisha anarudia kazi yake nzima akitumia mchuzi wa kulishia bakteria badala ya dawa, na mchuzi huo unakaa siku 14 kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea vimelea. Ukibaki angavu, amefaulu. Ukitibuka, arudi akajifunze.

Jaribio hili ndilo linaloachwa kwa urahisi zaidi, maana halipendezi kwa wageni wanaotembelea chuo na siku 14 haziingii vizuri kwenye ratiba. Bila hilo, uigizaji unampa mwanafunzi ujasiri ambao hakuna kimelea aliyeupima.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi ya kutegemea uigizaji, nayo inatoka Framingham, Massachusetts. Mwaka 2012 kampuni ya New England Compounding Center ilisambaza sindano za methilprednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, zenye kuvu, na watu waliochomwa mgongoni ili kutuliza maumivu wakapata homa ya uti wa mgongo. Hesabu ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa ilifika wagonjwa 753 katika majimbo 20, na vifo 64. Kumbukumbu za kampuni yenyewe zilionyesha bakteria na kuvu ndani ya chumba safi, kile cha kuandalia dawa. Kwa hiyo walikuwa na taarifa, wakaendelea kuzalisha. Hakuna kabati la mazoezi linalotibu ugonjwa huo, kwa sababu mazoezi ya kawaida hufundisha kufuata hatua, hayafundishi kusimamisha kazi. Lakini kwa nini yasifundishe? Mwalimu mmoja aigize bosi, apige simu katikati ya zoezi: wodini wanasubiri, majibu ya maabara yatakuja baadaye, toa mzigo. Halafu tumtazame mwanafunzi anafanya nini. Gharama yake ni simu tu.

Kwetu Tanzania kuna la ziada. Nilipokuwa nasoma, kabati letu lilikuwa halijawashwa siku nyingi na chujio lake hakuna aliyekumbuka lilibadilishwa lini. Tulijifunza kwa picha, kwa hiyo si mimi wa kuidharau chupa ya maji ya rangi. Ila mwaka wa mazoezi baada ya digrii nilikuta seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, ikichanganywa na muuguzi wodini, kwenye toroli, dirisha wazi, feni inazunguka juu. Mfamasia aliyefundwa kwenye kabati peke yake hapo hana la kumwambia dada yule zaidi ya kumlaumu. Chumba cha mazoezi kingepaswa kuwa na toroli pia, na zoezi la nini kifanyike pale: pa kuliweka toroli, feni izimwe, mpira wa kichupa ufutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na uachwe ukauke kabla ya kutobolewa.

Chuo kikipata fedha za kitu kimoja tu, mimi ningenunua inkubeta na mchuzi kabla ya miwani. Siku ya 14 kila mwanafunzi aje kuchukua mfuko wake mwenyewe wa mchuzi, wenye jina lake, na auinue kwenye mwanga mbele ya wenzake.