Vinyama vya Utumbo Mpana: Huku Hukatwa Mapema, Nyumbani Huachwa Vikue

Tangu nihamie Uingereza nimewasikia wenzangu wa Afrika Mashariki wakilinganisha hospitali za huku na za nyumbani kwa kutaja majengo, mashine na mishahara ya madaktari. Mimi naona tofauti kubwa zaidi ni wakati ambapo mtu anaanza kushughulikiwa. Huku hospitali inakutafuta ukiwa mzima, ilhali nyumbani wewe ndiye unayeitafuta, tena baada ya kumaliza duka la dawa na ushauri wa majirani. Tofauti hiyo inaonekana wazi katika saratani ya utumbo mpana na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo huo), kwa kuwa ni ugonjwa unaotoa nafasi ndefu ya kuzuiwa.

Kwa kawaida saratani hiyo huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Vinyama vingi havigeuki saratani kamwe, lakini baadhi yake, hasa vya aina ya adenoma, vinaweza kugeuka, na mabadiliko hayo mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi. Tangu mwaka 1969 madaktari waliokuwa New York walionyesha kwamba vinyama vya utumbo mpana vinaweza kukatwa kwa waya unaopitishwa ndani ya mpira wa kuchungulia utumbo, bila kupasua tumbo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba waliokatwa adenoma kwa njia hiyo walipata saratani kwa kiwango kilichokuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko kilichotarajiwa. Sijui saratani nyingine nyingi ambazo mtu anaweza kukingwa nazo kwa kazi ya asubuhi moja na kurudi nyumbani jioni ile ile.

England ilianza mpango wake wa uchunguzi mwaka 2006 kwa watu waliovuka miaka 60, na kuanzia 2021 umri ulishushwa hatua kwa hatua hadi 50. Kila baada ya miaka miwili posta inakuletea bahasha yenye kichupa cha plastiki, ambacho kifuniko chake kina kijiti chenye mikato midogo kwenye ncha. Unakwaruza kinyesi chako kwa kijiti hicho, unakirudisha kichupani, unaandika tarehe, kisha unakituma maabara kwa bahasha iliyokwisha kulipiwa. Maabara hutafuta damu ambayo jicho haliioni. Wenzetu wengi wanaitupa bahasha hiyo. Wengine wanaona aibu kushika choo chao, wengine wanasema kupima ugonjwa usiouona ni uchuro, na wengine wanarudi kutoka zamu ya usiku wakiwa wamechoka kiasi cha kutofungua barua yoyote isiyo ya bili. Nawaelewa, lakini nasisitiza kwamba kodi yetu imekwisha kulipia kichupa kile.

Majibu yangu yalionyesha damu, nikaitwa kwa ajili ya kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera. Karatasi ya maandalizi iliandikwa kwa mtu anayekula mkate na viazi, kwa hiyo nawaandikia wenzangu kwa chakula chetu: kwa siku chache unaacha maharage, mchicha, dona, karanga na matunda yenye mbegu, unakula wali mweupe na samaki au kuku asiye na ngozi, kisha unakunywa dawa ya kusafisha tumbo hadi kinachotoka kiwe maji ya rangi ya manjano yasiyo na chembe. Usafi huo si jambo la adabu tu, kwa maana tumbo lililobaki na uchafu huficha vinyama, hasa vile bapa, na kazi yote inaweza kurudiwa.

Nilikutwa na vinyama viwili. Kimoja cha milimita 6 kilikatwa kwa kitanzi cha waya bila umeme. Kingine cha milimita 14 kilidungwa kwanza maji yenye rangi ya bluu chini yake ili kiinuke kutoka kwenye ukuta wa utumbo, kisha kikakatwa, na nikayaona yote hayo kwenye skrini. Vyote viwili vilipelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, kwa sababu ni darubini pekee inayoweza kusema kinyama ni cha aina gani, seli zake zimebadilika kiasi gani, na kama kingo zake ni safi, yaani kama kimetoka chote. Vilikuwa adenoma, na kwa kuwa kimoja kilivuka milimita 10, utaratibu wa hapa unaelekeza nipimwe tena baada ya miaka mitatu. Barua yenye maelezo hayo ililetwa kwangu na nakala ikaenda kwa daktari wa mtaa.

Jambo moja la huku lilinihuzunisha. Hospitali haikupi dawa ya kukusinziza kama huna mtu mzima wa kukusindikiza hadi nyumbani na kukaa nawe hadi kesho yake. Nimewafahamu wahamiaji waliokubali kuvumilia kwa gesi ya kuvuta kwa sababu hawakuwa na mtu wa kumwomba, na mama mmoja wa Kikongo aliyeahirisha kipimo mara kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Nyumbani mgonjwa angezungukwa na mashemeji, binamu na majirani kabla hajamaliza kueleza ameitiwa nini. Huo ni utajiri halisi, na ningependa vyama vyetu vya Watanzania na Wakenya, ambavyo vinajua sana kuchangishana kusafirisha maiti, viwe pia na orodha ya watu walio tayari kumsindikiza mwenzao hospitali.

Sasa nije nyumbani. Mjomba wangu wa Mwanza alipoanza kuona damu kwenye choo aliambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Ilipoendelea alitibiwa amiba, kisha kichocho, ambacho kwa watu wa kando ya Ziwa Viktoria si wazo la kubezwa, kwani kichocho cha matumbo kinaweza kuleta damu na hata vinyama vyake chenyewe. Kosa halikuwa kufikiria bawasiri wala kichocho. Kosa lilikuwa kwamba kwa muda wote huo hakuna aliyevaa glovu na kumpima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa. Daktari wa kwanza aliyefanya hivyo aligusa uvimbe kwenye puru ndani ya sekunde chache. Mzee alimaliza miaka yake ya mwisho akivaa mfuko wa haja ubavuni, na kwa familia bei ya mifuko hiyo ilikuwa mzigo wa kila mwezi.

Wapo wanaosema hii ni saratani ya Wazungu. Imani hiyo ina chanzo cha heshima: Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940, aliona ugonjwa huu ni nadra sana huko, akaunganisha uchache wake na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Lakini Kampala, Nairobi na Dar es Salaam za leo si zile alizoziona. Tunaishi miaka mingi zaidi, tunakaa kwenye viti kutwa, na dona imewaachia nafasi sembe na chipsi. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alitangaza hadharani kwamba ana saratani hii, akafariki Julai 2019 akiwa na miaka 41. Umri wake unapaswa kutufikirisha, kwa sababu hata taarifa za hospitali nyingi za Afrika huonyesha sehemu kubwa ya wagonjwa wakiwa chini ya miaka 50.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka Tanzania iige vichupa vya posta. Kipimo cha choo ni mlango tu. Nyuma yake lazima awepo mtu wa kufanya kolonoskopi na mwingine wa kusoma kinyama. England yenyewe, ilipoanza kutumia kipimo cha sasa mwaka 2019, iliweka kiwango cha kumwita mtu kuwa mikrogramu 120 za damu kwa gramu ya choo, wakati Scotland iliweka 80 (kiwango kikiwa juu, wanaoitwa huwa wachache), na sababu kubwa ilikuwa uwezo wa vyumba vya kolonoskopi. Kama nchi tajiri inapima idadi ya watu wa kuwaita kwa idadi ya wataalamu ilionao, kugawa vichupa kwa mamilioni ya watu ambao hawatapata kolonoskopi ni kuwapa hofu bila tiba.

Ningeanza na wale ambao tayari wanavuja damu, wanaume wenye upungufu wa damu usioelezeka, na watu ambao choo chao kimebadilika kwa wiki kadhaa. Kidole chenye glovu hakihitaji bajeti mpya, na zahanati zote zinaweza kukitumia. Baada ya hapo zinahitajika rufaa ya haraka, bima inayolipia kolonoskopi kabla ya kulipia upasuaji, na kinyama kinachokatwa kifike maabara, badala ya familia kukabidhiwa kichupa chenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, itafute yenyewe pa kukipeleka. Nyaraka za Kenya za uchunguzi wa saratani za mwaka 2018 zimeutaja ugonjwa huu, na hiyo ni hatua ya kuheshimiwa.

Wanaofuata ni ndugu wa damu. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake alipata saratani hii hushauriwa na wataalamu wengi apimwe kuanzia miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa nao, kutegemea kipi kinatangulia. Familia chache zina ugonjwa wa kurithi unaoleta mamia ya vinyama tangu ujana, na kwao kungoja ni hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo nimewapigia binamu zangu, watoto wa mjomba, nikawaambia kwamba fedha ambayo ningeituma kwa matibabu yao siku moja niko tayari kuituma sasa kwa kipimo. Binti mkubwa amekubali, na tarehe yake imepangwa. Mdogo wake anasema hana maumivu yoyote, nami bado nazungumza naye.